Zabron na Kitanda cha Miaka Tisa

Mume wangu Zabron ni fundi seremala, na nyumba yetu haina mlango wa jikoni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nina mengi ya kusimulia na sipendi kukatizwa. Pale mlangoni nimetundika gunia la mbolea, mwaka wa kumi na mbili huu, na kila mgeni akiinama kupita husema, "Kumbe kweli mganga hajigangi." Msemo huo nimeusikia mpaka nimeuchukia.

Si kwamba hajui kazi. Hapa Shume ukitaka meza isiyoyumba utaelekezwa kwa Zabron. Shida ni kwamba ataianza Jumatatu kwa moyo wote, atachonga miguu mitatu mizuri ya kupiga picha, halafu atapita mtu na redio mbovu, na mguu wa nne utaupata mwakani. Wala si mvivu. Mvivu namjua, kaka yangu ni mvivu, analala mpaka kuku wanamdonoa vidole. Zabron anaamka kabla ya jogoo na hatulii kutwa nzima. Ila ukimuuliza jioni amefanya nini, anaitazama mikono yake kama anayeuliza nayo ilikuwa wapi.

Mwaka tuliooana nilimtuma chumvi dukani. Dakika kumi kwenda na kurudi. Alirudi saa tisa alasiri hana chumvi, ana kiatu kimoja, na kwapani amebana jogoo. Alipita mahali wanapaua nyumba, akapanda kuwasaidia, wakamshukuru kwa jogoo, kiatu kikabaki juu ya paa. Nikamuuliza, "Na chumvi?" Akanijibu, "Chumvi gani?" Na hakuwa akinitania. Yule jogoo tulimla hivyo hivyo bila chumvi.

Kanisani nako walimpa kazi ya kupiga kengele, wakidhani jukumu litamtuliza. Jumapili ya kwanza kengele ya kwanza ikalia vizuri kabisa. Ya pili haikusikika. Mwinjilisti Benjamini akatoka na joho lake kumtafuta, akamkuta ameshika kamba, ametulia kuliko sisi sote tuliokuwa ndani, anamtazama kinyonga anayepanda ile kamba. Alikuwa anasubiri aone kama kinyonga atageuka rangi ya kamba, na kamba yenyewe ilikuwa ya bluu. Benjamini anakiri mpaka leo kwamba hata yeye alisimama kidogo kungoja.

Sasa twende kwenye kitanda. Mama yake Zabron, Bibi Rahabu, anaishi ng'ambo ya mfereji, hatua mia moja kutoka kwetu. Zabron ndiye kitinda mimba, kwa hiyo yeye ndiye wa kukaa na mama. Miaka tisa iliyopita Bibi alimwambia amtengenezee kitanda. Alikuwa analalia kitanda cha kamba cha tangu alipoolewa, kilichobonyea katikati kiasi kwamba ukilala unaona magoti yako na dari, basi. Zabron akaanza siku hiyo hiyo. Kufikia mwaka huu alikuwa na vichwa vinne vya kitanda, kila kimoja kina nakshi yake, na hakuwa na chaga hata moja ya kuwekea godoro. Kaka yake aliyeko Tanga alichoka kungoja, akatuma kitanda cha dukani pamoja na godoro. Bibi alikirudisha kitanda kwa gari lile lile, godoro akabaki nalo. "Nataka cha Zabron," alisema. Tulimuuliza kwa nini anang'ang'ania hivyo, akajibu kwamba mgongo ni wake.

Mwaka huu baridi ya mwezi wa saba ilimbana kifua mpaka tukaogopa. Alipopata nafuu alituita mimi na Zabron, akatoa tangazo. Alisema binti yake aliyeolewa huko chini Mnazi atakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, na gari la mumewe. Siku hiyo kitanda kisipokuwa ndani ya nyumba, yeye anapanda gari, anakwenda kukaa tambarare na mbu, na atazikwa huko huko. Akamalizia kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika. Tangu hapo akamnunia Zabron, hamsemeshi kabisa. Akiwa na shida naye ananituma mimi, hata kama Zabron amesimama mbele yake.

Mtu wa milimani kuzikwa tambarare si jambo dogo. Na kitinda mimba anayekimbiwa na mama yake kwa sababu ya kitanda, huyo ataimbwa mpaka na watoto wa shule. Zabron hakula siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta karakana ameshika patasi, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Mama Loveness, mimi nataka. Kila siku nataka. Sijui nikishataka huwa nakwenda wapi."

Miaka ishirini na mbili nimemwita mtu huyo kichwa panzi, mbele ya watu na mbele ya mtoto wake. Siku hiyo niliona aibu, na ninapoona aibu huwa nafoka, kwa hiyo nilimfokea afute machozi.

Binti yetu Loveness anasomea uuguzi Tanga, na alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba hali ya baba yake ina jina. Safari hii tulimsikiliza, tukateremka Tanga. Daktari alimuuliza Zabron maswali mengi, akaniuliza na mimi, akataka kujua na mambo ya utotoni. Katikati ya maswali Zabron akatoweka kwenye kiti. Alikuwa chini ya meza ya daktari, maana mguu mmoja ulikuwa umelegea na ulikuwa unamkera. Daktari akaendelea kumuuliza huko huko chini, na kwa kweli alijibu vizuri kuliko alivyokuwa anajibu juu. Mwishowe tukaambiwa jina ni ADHD. Si uvivu, si ujinga, wala hajarogwa. Ni ubongo uliozaliwa na namna yake ya kushika mambo na kuyaachia. Dawa zipo, wataziongelea atakaporudi. Kwa kuanzia, akatupa namba ya simu ya kocha.

"Kocha wa nini?" nikauliza. "Huyu hata mpira hachezi."

Kocha alikuwa binti wa miaka ishirini na saba anaitwa Angel, kazi yake ni kuwasaidia watu wa namna ya Zabron wapange siku zao na wamalize wanayoyaanza. Angezungumza naye kwa simu kila Jumanne na Ijumaa. Kwetu simu ni moja, tena haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na mtandao unashika sehemu moja tu, chini ya mti wa peasi uliopo kati ya karakana na njia ya bombani. Kwa hiyo mambo ya mume wangu na kocha wake yalisikiwa na kila mwenye ndoo.

"Shikamoo baba," Angel alianza siku ya kwanza.

"Marahaba mwanangu."

"Baba, kabla hatujaongelea kitanda. Ukianza kazi, huwa unaanzia wapi?"

Zabron alifikiri sana. "Katikati," akasema.

"Kweli kabisa!" ikaitikia sauti kutoka njiani. Alikuwa Mwanahamisi, jirani yetu, ndoo kichwani, amesimama kana kwamba yuko kwenye mkutano wa hadhara.

Kilichonishangaza ni kwamba Angel hakucheka na hakukemea. Alisema, "Asante kwa kuniambia ukweli," akaendelea kuuliza. Hakumpa amri. Alimuuliza kazi ndogo kuliko zote katika kitanda ni ipi, Zabron akasema kukata chaga moja. Basi, akasema Angel, andika hiyo tu, iweke mahali utakapoiona, usiandike "tengeneza kitanda" maana hiyo si kazi, hiyo ni mlima. Zabron alifurahi mno. Akachukua mkaa akaandika ukutani kwa herufi kubwa: KATA CHAGA MOJA. Kufikia jioni ukuta ulikuwa na mambo thelathini na manne, na la mwisho lilikuwa "tafuta mkaa wa kuandikia".

Ijumaa yake Angel akamuuliza kuhusu muda. Akampendekezea afanye kazi kama dakika ishirini na tano, apumzike kidogo, arudi. Tulijaribu kutumia saa ya simu. Alipoichukua kuangalia dakika alikutana na video ya Wachina wanajenga daraja la mianzi, na hiyo ndiyo ikawa asubuhi yake. Angel akauliza, "Hapo nyumbani kuna kitu gani huchukua muda kama huo?"

"Viazi," nikasema mimi, nikiwa pembeni.

"Safi sana, mama! Basi baba, bandika viazi. Vikiiva, unapumzika."

Siku hiyo Zabron alibandika sufuria sita. Tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, mbuzi wakala, kuku wakala, Mwanahamisi akapelekewa sinia. Lakini zilikatwa chaga mbili. Miaka tisa, halafu chaga mbili kwa siku moja! Nilizishika mikononi nikawa nazigeuzageuza. Sikutaka aone nilivyofurahi, nikamwambia viazi vimezidi maji.

Wiki mbili zikapita hivyo, siku nyingine chaga, siku nyingine mzinga wa nyuki wa mtu asiyemjua. Angel alimsaidia kuchagua kichwa kimoja kati ya vile vinne, kazi iliyochukua simu mbili nzima. Mbao za pembeni zikapigwa randa upande mmoja. Jumanne ya wiki ya mwisho tulikuwa na chaga tano kati ya kumi na mbili, na gari la Mnazi lilikuwa limebakiza siku nne.

"Baba, sasa tujaribu mtu wa kukaa nawe," Angel akasema. "Asikusaidie, asikukosoe, asikusemeshe. Akae tu karibu na shughuli yake. Watu wengi wa hali yako wakiwa na mtu pembeni, mikono haipotei."

Nilijitolea mimi. Jumatano nilikaa dakika nne kabla sijamwambia msumeno anaushika vibaya. Alhamisi nilijitahidi nikafika dakika tisa. Mimi nimeolewa hapa kutoka Zirai, na sisi wa Zirai tunaongea, ndivyo tulivyo. Nikaanza kuwapitia kichwani watu wote ninaowafahamu, nikitafuta mmoja anayeweza kukaa na Zabron bila kumsemesha. Ndipo nikamkumbuka mama mkwe.

Ijumaa asubuhi nilivuka mfereji. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, wewe na Zabron si hamsemeshani?"

"Simsemeshi."

"Basi nakuomba uje usimsemeshe karakana."

Nadhani alitafuta mtego ulipo akaukosa. Kisha akachukua kigoda chake, akajifunika kanga kichwani, akanifuata.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu watu hawakai pamoja kimya. Tukimenya mahindi tunaongea, tukipalilia tunaongea, hata tukigombana hatunyamazi. Ukipita mahali siku ya kazi ukaona watu wamekaa uani wameinamisha vichwa, ujue hapo pana msiba. Na msibani huulizi nani amekufa. Unafika, unakaa, unatega sikio, jina litakuja lenyewe. Ukiuliza, umejitangaza kwamba wewe ndiye wa mwisho kupata habari.

Bibi Rahabu alikaa mlangoni mwa karakana, mkono shavuni, uso wa mtu aliyenuna tangu mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa mzito, nami nikajifunika kanga gubigubi nikakaa mkekani karibu yake. Nilikuwa nimejiapiza safari hii sitatoa hata neno. Ndani Zabron alibandika viazi vyake, akaanza kupiga randa, swii, swii, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ile sauti haikukatika.

Akapita Mwanahamisi. "Habari za asubuhi, jirani?"

Nikaweka kidole mdomoni. Nikatikisa kichwa polepole. Nikamwonyesha karakana, kule randa inakolia. Mwanahamisi akasimama. Akamtazama Bibi na mkono wake shavuni, akanitazama mimi, akasikiliza randa. Ndoo akaitua chini, akashika kifua, akakaa mkekani kando yangu bila neno. Nikafikiri: mwanamke huyu amekuwa akimsikiliza Angel kila Jumanne na Ijumaa, leo amekuja kutusaidia kukaa. Nikamshika mkono kumshukuru. Akanibana vidole kwa nguvu.

Baada ya muda aliondoka, akarudi na mzigo wa kuni. Nikasema moyoni, ameona viazi vinahitaji moto. Nyuma yake wakaja wanawake watatu, mmoja na unga, mmoja na maharage. Wakaja wanaume, wakakaa kwenye magogo upande wa pili wa ua, wamevua kofia. Likaja sufuria kubwa la kanisa. Kufikia saa nne ua ulikuwa umejaa, na hakuna aliyekuwa anasema kitu. Simu yetu ina sauti kubwa, hilo nilijua, lakini sikujua kwamba kijiji kizima kinampenda mume wangu kiasi hicho. Machozi yakanilengalenga. Walipoyaona, wanawake wakaanza kulia. Nilipoona wanalia, nami nikaachia.

Bibi naye alikuwa anawahesabu watu kwa macho. Baadaye alituambia aliwaza kwamba amekufa mtu wa ukoo na anafichwa kwa sababu ya kifua chake. Ila alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna haulizi.

Saa tano akafika Mwinjilisti Benjamini na joho na kitabu. Akasimama katikati ya ua, akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta uso wa kumpa jina. Kila uso ulikuwa unamtazama yeye, nao ukitafuta hilo hilo.

"Wapendwa," akaanza, "tumekutana hapa kwa ajili ya mpendwa wetu." Akameza mate. "Mpendwa wetu huyu alikuwa mtu wa... watu."

"Amina," wakaitika.

"Aliyependwa na waliompenda. Aliishi, ndugu zangu. Nani kati yetu anaweza kusema hakuishi?"

Kilio kikazidi. Mimi nilidhani anamsifu Zabron kwa chaga zake, ila ile "alikuwa" ikaanza kunikwaruza sikio.

Wakati huo randa ikanyamaza. Zabron akatoka, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, kalamu sikioni, futikamba mkononi. Naapa hakumwona hata mtu mmoja. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akasema, "Mama, simama." Bibi alishtuka akasimama. Zabron akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, akampima na mabega, akaandika kwenye kiganja chake. "Naongeza inchi sita," akasema peke yake, "asije akabanwa miguu." Akageuka akarudi ndani. Swii, swii.

Kisha Mwanahamisi akapiga ukelele uliosikika nadhani mpaka Lushoto mjini.

"Anampima jeneza na bado yu hai!"

Ua ulipasuka. Wanaume waliokuwa kwenye magogo waliruka uzio, mmoja akatua katikati ya kabichi zangu, na hizo kabichi nitamdai. Benjamini aliangusha kitabu. Wanawake wakamzunguka Bibi, huyu anamvuta huku, yule kule, wamfiche.

"Jeneza la nani?" Bibi akauliza kwa hasira.

"Lako, bibi!"

"Kwani aliyekufa ni mimi?"

Wakaanza kuulizana, sasa bila aibu: nani amekufa? Kila mmoja alimwonyesha kidole aliyemleta, na vidole vyote vikaishia kwa Mwanahamisi. Mwanahamisi akanigeukia mimi.

"Mama Loveness, wewe ulikuwa umenyamaza!" akalia. "Miaka ishirini na mbili ujirani wetu, sijakuona umenyamaza! Ningefikiri nini?"

Simu ikaita mtini. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa Angel. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, kijiji kizima kikisikiliza na kunisahihisha. Angel alicheka mpaka akakohoa. Alipopata sauti akauliza, "Na baba yuko wapi?"

Tukatega masikio. Swii, swii. Kelele zote zile, vilio, uzio kuvunjika, na mtu ambaye redio ya mpita njia ilitosha kumpoteza mwaka mzima alikuwa bado yuko kwenye ubao wake.

"Msimguse," Angel akasema taratibu. "Akishazama namna hiyo kuna siku hasikii kitu. Ila ataibuka, na akiibuka akute watu. Mko wangapi hapo?"

"Arobaini na mmoja," akajibu Benjamini. Alikuwa amewahesabu kwa ajili ya chakula.

"Mnaweza kukaa tena?"

Watu wakatazamana. Maharage yalikuwa yameshachemka, unga upo, kuni zipo. Bibi Rahabu akakaa kwenye kigoda chake, akavunja ukimya wake wa mwezi mzima. "Hakuna anayeondoka kabla ya kitanda," akasema. "Na wewe Benjamini, endelea. Ulifika kwenye kupendwa."

Tukakaa. Kila Zabron alipoinua kichwa, akawa anaangaza macho kutafuta kitu kingine cha kufanya, alikuta nyuso arobaini zimetulia zinachambua mchicha, naye akatulia akarudi kwenye ubao. Mchana tukampelekea sahani, akala amesimama. Saa tisa alasiri akapigilia chaga ya kumi na mbili. Akatoka mlangoni, akajinyoosha, na ndipo kwa mara ya kwanza alipotuona. Akaona sufuria la kanisa, akaona joho, akaona mama yake katikati ya wanawake. Uso ukamwanguka.

"Jamani," akasema, "nani amekufa?"

Tulicheka mpaka Benjamini akakaa chini na joho lake.

Wanaume sita walikibeba kitanda kuvuka mfereji, sisi nyuma tunaimba, na Bibi anatembea mbele akiwaonya wasikikwaruze. Tulikiingiza chumbani, nikatandika godoro la kaka mtu na shuka safi. Bibi akapanda, akalala chali, akajigeuza kulia na kushoto. "Kinalia kidogo," akasema. Hiyo ndiyo shukrani aliyoitoa, na wengine wakatoka nje kwenda kumalizia maharage. Tulibaki watatu.

Zabron akainama kuubeba upande mmoja wa kile kitanda cha kamba ili kitolewe.

"Ngoja," Bibi akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Utazame huo mguu wa kichwani."

Tukautazama. Chini, shibiri moja kutoka sakafuni, mti ulikuwa umelika kuzunguka pande zote, umekuwa laini na mweusi.

"Ni kamba hiyo," Bibi akasema. "Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa hutulii, unapotea, na hapa pote ni makorongo. Sikuwa na mtu wa kukuachia. Nilikuwa nakufunga mguu hapo, nafunga mlango, nakwenda shamba. Mwaka mzima. Mtoto wangu nilimfunga kama mbuzi." Hakuwa anamtazama Zabron, alikuwa anatazama dari. "Kila nikilala naukumbuka mguu huo. Kitanda cha kununuliwa kingenisaidia nini? Nilitaka unitoe hapo wewe mwenyewe."

Sikujua niangalie wapi. Nilimtazama mume wangu nikiogopa kitakachotokea usoni mwake. Zabron alikuwa amechuchumaa, kidole kinapapasa ile alama ya kamba, na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama," akasema, "lile fundo lako nililifungua siku ya pili."

Bibi akainua kichwa. "Ulifanya nini?"

"Nililifungua. Kila siku nililifungua. Natokea dirishani, nakwenda mtoni kutazama kaa. Nikisikia unakohoa pale kwenye kona, natimua mbio, naingia, najifunga tena. Siku moja nilijifunga mguu mwingine, wala hukuona."

"Kila siku?"

"Siku za mvua nilibaki."

Bibi akakaa kitako juu ya kitanda chake kipya. Alimtazama huyu mwanawe mwenye mvi na vumbi la mbao masikioni. "Na mlango ulikuwa umefungwa, dirisha liko wazi, korongo hapo nje," akasema. "Ungekwenda zako. Wewe ambaye kila unakokwenda husahau ulikotoka."

"Nilikuwa narudi, mama."

"Kwa nini?"

Zabron alishangaa swali lenyewe. "Ungekuta sipo, ungelia," akasema.

Bibi akavua kanga yake ya kichwani, akamchapa nayo begani, akamchapa tena, huku anamwita mwongo, mwizi, mtoto wa ajabu, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Halafu akamvuta akamkalisha pembeni yake, na kitanda kikalia kidogo. Niliwaacha hapo, nikatoka kumpigia wifi yangu wa Mnazi simu, kumwambia gari kesho lisije.